Jinsi ya Kukagua Programu Dhibiti ya Moduli za Gari Kabla ya Kufunga Programu ya Kumsaidia Dereva

Programu ya kumsaidia dereva, iwe ni openpilot ya kampuni ya comma.ai ambayo msimbo wake umekuwa wazi kwa umma tangu mwaka 2016 au nyingine ya aina hiyo, haishiki usukani wala breki moja kwa moja. Hutuma ujumbe katika mtandao wa CAN, yaani nyaya ambazo kompyuta za gari huwasiliana kwazo, na moduli (kompyuta ndogo) za usukani, breki na injini ndizo zinazoupokea na kuutekeleza, au kuukataa. Kiasi cha nguvu ambacho moduli ya usukani inakubali kuongezewa, mwendo ambao chini yake inaacha kuitika, na namna rada inavyotoa taarifa za gari lililo mbele, vyote huamuliwa na programu dhibiti iliyomo ndani ya moduli husika. Kwa sababu hiyo jina lililobandikwa nyuma ya gari na mwaka wa kutengenezwa havitoshi kulitambulisha. Magari mawili yenye jina moja na mwaka mmoja yanaweza kuwa na kamera za vizazi viwili tofauti, kwa kuwa moja lilitengenezwa kwa ajili ya soko jingine au liliuzwa bila baadhi ya vifaa. Jibu la kutegemewa ni lile linalotolewa na moduli yenyewe inapoulizwa, na mwongozo huu unaeleza namna ya kuiuliza na namna ya kulipima jibu lake.

Ieleweke tangu mwanzo kwamba kazi hii ni ya kusoma tu. Katika itifaki ya UDS, yaani utaratibu wa maswali na majibu ya uchunguzi wa moduli uliowekwa na kiwango cha ISO 14229, huduma ya kusoma data ina namba 22 kwa hesabu ya heksadesimali (yenye msingi wa 16), na hiyo ndiyo tutakayoitumia karibu muda wote. Huduma ya 2E huandika data, 31 huendesha taratibu za ndani ya moduli, 34 na 36 hutumika kupakia programu mpya, 11 huizima na kuiwasha moduli upya, na 14 hufuta misimbo ya hitilafu. Hakuna hata moja kati ya hizo inayohitajika katika ukaguzi, na mtu anayekagua moduli ya breki hapaswi kuzijaribu kwa udadisi. Ukipata kifaa au skripti ambayo huwezi kujua inatuma nini, usiiunganishe na gari.

Maandalizi

Gari liegeshwe mahali tambarare, breki ya mkono ikiwa imevutwa na giaboksi ikiwa kwenye P au katika hali huru. Fungua swichi hadi taa za dashibodi ziwake, lakini usiwashe injini. Kwa gari la kitufe, bonyeza kitufe bila kukanyaga breki, mara moja au mbili kulingana na gari. Katika hali hii moduli zote zinakula umeme huku hakuna kinachoijaza betri, kwa hiyo kama kazi itachukua muda, funga chaja ya kuitunza betri ya volti 12. Betri iliyoshuka hufanya moduli zinyamaze au zijibu nusu, na mkaguzi akaishia kuamini kwamba gari halina rada ilhali rada ipo, ila haikupata umeme wa kutosha.

Chomoa kila kifaa kingine kilichochomekwa kwenye soketi ya uchunguzi au kwenye kigawanyaji chake, kama vile kifaa cha kufuatilia gari. Vifaa viwili vinapoiuliza moduli ileile kwa wakati mmoja, majibu huchanganyikana, na kosa la namna hiyo ni gumu kulibaini kwa sababu maandishi yanayopatikana yanaonekana kama ya kweli.

Soketi yenyewe ina pini 16 na kwa kawaida iko chini ya dashibodi, karibu na magoti ya dereva. Nchini Marekani soketi ya OBD-II imekuwa ya lazima kwa magari madogo tangu yale ya mwaka 1996, na mawasiliano kwa njia ya CAN yakawa ya lazima kuanzia magari ya mwaka 2008. Pini ya 6 na ya 14 hubeba nyaya mbili za CAN, ya 4 na ya 5 ni za ardhi, na ya 16 hutoa umeme wa betri. Kasi ya mtandao huo katika magari mengi ni kilobiti 500 kwa sekunde.

Kuhusu kifaa cha kusomea, ningeshauri uchague kwa makini, kwa kuwa hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibika. Vifaa rahisi vinavyoiga chipu ya ELM327 vinatosha kwa kusoma misimbo ya hitilafu, lakini vingi hukata majibu marefu au hudondosha baadhi ya fremu, yaani vipande vya ujumbe wa CAN, na namba ya programu dhibiti iliyopungua herufi mbili ni mbaya kuliko kukosa namba kabisa. Adapta inayotambuliwa na mfumo wa SocketCAN wa Linux, pamoja na zana za can-utils, hukuonyesha kila baiti iliyopita. Anayetumia openpilot hana haja ya kuanza huku, kwa maana programu hiyo huziuliza moduli zenyewe kila inapowashwa na kuhifadhi majibu kwenye kumbukumbu za safari. Wakati wa kuuliza, kifaa chake huwekwa katika hali ya usalama inayoruhusu anwani za uchunguzi pekee. Hata hivyo kujua kusoma kwa mkono kunakuwezesha kulikagua gari kabla ya kununua kifaa chochote, na kuthibitisha jambo linapotiliwa shaka.

Swali moja, kwa ukaribu

Tuanze na namba ya chasi, kwa sababu jibu lake linajulikana tayari: limeandikwa kwenye kioo cha mbele au kwenye mlango, na ukilipata sawasawa utajua kwamba kifaa, waya na kasi viko sahihi. Washa mtandao kwa amri hii:

sudo ip link set can0 up type can bitrate 500000

Kisha, katika dirisha moja, fungua msikilizaji, na katika dirisha la pili utume swali. Msikilizaji lazima atangulie, kwa kuwa ndiye atakayeiambia moduli iendelee kutuma.

isotprecv -s 7E0 -d 7E8 -p 00 -l can0
echo "22 F1 90" | isotpsend -s 7E0 -d 7E8 -p 00 can0

Ukifungua dirisha la tatu na kuendesha candump, zana ya can-utils inayoonyesha kila fremu inayopita, utaona mazungumzo ya namna hii:

7E0 03 22 F1 90 00 00 00 00
7E8 10 14 62 F1 90 .. .. ..
7E0 30 00 00 00 00 00 00 00
7E8 21 .. .. .. .. .. .. ..
7E8 22 .. .. .. .. .. .. ..

Mstari wa kwanza ni swali lenyewe lililotumwa kwa moduli ya injini kwenye anwani 7E0: 03 inaeleza kwamba baiti tatu zinafuata, 22 ni kusoma, na F190 ni kitambulisho cha namba ya chasi. Moduli hujibu kwa anwani iliyo mbele kwa 8, yaani 7E8. Fremu ya kawaida ya CAN hubeba baiti 8 tu, na namba ya chasi peke yake ina herufi na tarakimu 17, hivyo jibu hukatwa vipande kwa utaratibu wa ISO 15765-2. Alama 10 14 inasema kwamba hiki ni kipande cha kwanza cha ujumbe wa baiti 20, kwa kuwa 14 ya heksadesimali ni 20. Baiti ya 62 ni kukubaliwa kwa swali, maana 22 ikiongezwa 40 inakuwa 62. Zinafuata herufi tatu za mwanzo za namba ya chasi. Kwa 30 msomaji anaruhusu mengine yaje, ndipo vipande viwili vyenye alama 21 na 22 vinapoleta herufi saba kila kimoja. Tatu na saba na saba ni 17. Hesabu hii ifanye kwa kila jibu refu, kwani ndiyo inayokuhakikishia kwamba hakuna kilichopotea njiani. Angalia pia kwamba 22 ya mstari wa mwisho ni namba ya mfuatano wa vipande na haihusiani na huduma ya kusoma.

Namba za chasi zikilingana, ndipo uende kwenye programu dhibiti. Kiwango kimetenga F181 kwa utambulisho wa programu, F188 kwa namba ya programu ya mtengenezaji wa gari, F189 kwa toleo, F187 kwa namba ya kipuri na F191 kwa namba ya maunzi. Watengenezaji hawakuzitumia kwa namna moja. Moduli za Hyundai na Kia hutoa maelezo yao kamili kwenye F100, za Volkswagen husomwa kwa F187 na F189 pamoja, na baadhi ya moduli za zamani za Toyota bado hujibu swali la itifaki ya zamani ya KWP, yaani 1A 88 01, badala ya UDS. Hapa 1A nayo ni ya kusoma tu.

Moduli zinazopaswa kuulizwa ni ile ya injini, usukani wa umeme, breki pamoja na udhibiti wa uthabiti, rada ya mbele na kamera ya mbele. Hizo ndizo openpilot inazozichukulia kuwa za msingi katika kulitambua gari. Nyingine, kama giaboksi, husaidia lakini hazibebi uamuzi. Kwa Toyota, usukani huulizwa kwenye 7A1 na breki kwenye 7B0, huku rada na kamera zikishiriki anwani 750 na kutofautishwa kwa baiti ya kwanza, 0F kwa rada na 6D kwa kamera. Kwa Hyundai, rada iko 7D0, usukani 7D4 na kamera 7C4. Honda hutumia anwani ndefu za biti 29: usukani huulizwa kwenye 18DA30F1 na hujibu kwenye 18DAF130, tarakimu za muulizaji na mjibuji zikiwa zimebadilishana nafasi.

Moduli inapokataa au kunyamaza

Jibu linaloanza na 7F ni la kukataa, na baiti yake ya mwisho inataja sababu. Ukiona 7F 22 31, moduli ipo na inasikia, ila haina kitambulisho ulichotaja, basi jaribu kingine. Ukiona 7F 22 78, subiri, kwani moduli inaomba muda, na kiwango kinairuhusu kuchukua hadi sekunde 5 badala ya milisekunde 50 za kawaida. Ukiona 7F 22 33, data hiyo imefungwa kwa ufunguo wa usalama, nawe usijaribu kuufungua kwa kubahatisha, kwa sababu moduli nyingi hujifunga zaidi baada ya majaribio machache yasiyofaulu. Ukiona 7F 22 7F, huduma haipatikani katika kikao cha kawaida. Kuna kikao cha ziada kinachofunguliwa kwa 10 03, lakini kitumie pale tu gari limeegeshwa na pamekosekana njia nyingine, kwa maana baadhi ya moduli huacha kazi zake za kawaida zikiwa katika kikao hicho. Ukimaliza, irudishe kwa 10 01 au uzime swichi.

Ukimya nao una maana zaidi ya moja. Anwani inaweza kuwa si sahihi, moduli inaweza kuwa haipo, au iko upande wa pili wa lango. Katika magari mengi mapya, soketi ya uchunguzi imetenganishwa na mitandao ya ndani kwa moduli ya lango inayopitisha maswali ya uchunguzi na majibu yake pekee, hivyo candump kuonyesha ukurasa mtupu kabla hujauliza chochote si dalili ya hitilafu. Magari ya kundi la FCA (Fiat Chrysler) kuanzia mwaka 2018 yana lango la usalama ambalo kwa kawaida huruhusu kusoma na kuzuia amri nyingine. Vilevile kamera na rada katika baadhi ya magari hazifikiki kabisa kutoka kwenye soketi hiyo. Hizo husomwa kutoka kwenye kiunganishi cha kamera nyuma ya kioo cha kutazamia nyuma, mahali ambapo kifaa cha openpilot huunganishwa. Kabla ya kuandika kwamba moduli haipo, iulize tena injini na uhakikishe bado inajibu.

Kulisoma jibu

Hifadhi baiti zote kama zilivyokuja, kwa heksadesimali, usiandike maandishi yanayosomeka peke yake. Baiti zisizoonekana zina maana. Majibu ya Toyota huanza na 01 au 02 inayoeleza idadi ya namba zinazofuata, kisha namba zenyewe, na miaka ya uzoefu imewafundisha mafundi kuzitambua kwa mwanzo wake: 8965B ni usukani, F1526 ni breki, 8821F ni rada na 8646F ni kamera. Sifuri za mwishoni nazo ni sehemu ya jibu, na orodha za kulinganisha huzihesabu.

Jibu la kamera ya Hyundai lina mengi zaidi. Huja kwa umbo hili: CN7 MFC AT USA LHD 1.00 1.03, likifuatiwa na namba ya kipuri inayoanza na 99210 na mwishoni tarakimu sita kama 200819. CN7 ni jina la kiwandani la kizazi cha Elantra, MFC ni kamera yenyewe, USA ni soko, LHD ni usukani wa kushoto, na tarakimu za mwisho ni tarehe ya programu, yaani 19 Agosti 2020. Gari lenye usukani wa kulia linalojibu LHD huenda limewahi kubadilishiwa kamera, na hilo ni jambo la kulifuatilia kabla ya kuendelea na lolote.

Mfano wa Honda ndio unaonishawishi zaidi kwamba kila alama ihesabiwe. Namba ya moduli ya usukani ya Accord huandikwa 39990-TVA-A150. Wapo wanaobadilisha programu dhibiti ya usukani ili ikubali nguvu kubwa zaidi, na kwa desturi hubadilisha kistari kimoja kiwe mkato, ikawa 39990-TVA,A150. Openpilot huutafuta mkato huo ili ijue kwamba usukani umebadilishwa. Mtu anayenunua gari lililotumika akiupita mkato huo bila kuuona, anaendesha gari ambalo mipaka ya usukani wake si ile iliyopimwa na mtengenezaji.

Linganisha kila jibu na orodha ya programu unayokusudia kufunga. Kwa openpilot, orodha hizo zimo katika hazina ya opendbc, ndani ya faili ya fingerprints.py ya kila mtengenezaji. Moduli zote za msingi zikiwa katika orodha ya gari moja, gari limetambulika. Moja ikikosekana, programu inaweza kutumia ulinganisho wa kukadiria au, ikishindwa, ibaki katika hali ya kurekodi video tu bila kuliongoza gari. Hapo vishawishi ni vingi, kwa sababu ipo njia ya kuilazimisha programu iamini kwamba gari ni la aina fulani. Msimamo wangu ni kwamba njia hiyo isitumike barabarani mpaka aijuaye aina hiyo ya gari athibitishe kwamba toleo jipya linatenda kama la awali. Mara nyingi ni kweli kwamba namba imebadilika kwa sababu ndogo, lakini ikiwa imebadilika kwa sababu kubwa, dereva ataijua kwenye kona. Peleka baiti ulizosoma kwa wanaotunza orodha, pamoja na kumbukumbu ya safari, na uondoe namba ya chasi kabla ya kuziweka hadharani.

Kulingana kwa namba pia hakumalizi kila kitu. Baadhi ya Toyota, zikiwemo Sienna na RAV4 Prime za kuanzia mwaka 2021, hutia sahihi ya siri kwenye ujumbe wa usukani kwa utaratibu wa SecOC, na programu isiyo na ufunguo wake haitasikilizwa hata kama kila moduli imetambulika. Tena, namba ni maelezo ambayo programu dhibiti inajitolea yenyewe, na aliyeibadilisha anaweza kuiacha namba ileile. Kwa moduli zinazohusu moshi wa injini kuna kinga ya ziada: huduma ya 09 hutoa kitambulisho cha kalibresheni kwa 04 na, kwa 06, namba ya uhakiki ya baiti nne inayokokotolewa kutokana na maudhui yenyewe. Moduli za usukani na kamera kwa kawaida hazitoi kinga hiyo kwa njia ya wazi, kwa hiyo historia ya gari na karatasi za matengenezo zina uzito wake.

Soma upya kila mara gari linapotoka kwenye matengenezo yaliyogusa kompyuta zake, kioo cha mbele, kamera, rada au mfumo wa usukani, na kila linapopokea sasisho kwa njia ya intaneti. Kanuni ya Umoja wa Mataifa namba 156, inayohusu masasisho ya programu za magari, inawataka watengenezaji wazilinde namba za utambulisho wa programu dhidi ya kubadilishwa bila idhini, lakini haimzuii fundi kuweka toleo jipya halali ambalo programu yako bado haijalijua. Weka faili ya kila usomaji ikiwa na tarehe na kilomita, ili tofauti ionekane kwa kulinganisha faili mbili.

Hatimaye, kabla ya kufunga chochote kwenye gari lililotambulika, soma misimbo ya hitilafu ya moduli hizo tano na uujaribu mfumo wa kiwandani peke yake, yaani kushika njia na kufuata gari la mbele, kwenye barabara iliyonyooka yenye magari machache. Mfumo huo ukiyumba au ukiwasha taa ya onyo, rekebisha kamera, rada au usukani kwanza, kisha urudie usomaji tangu mwanzo.